Baraza Lisilo na Wasimulizi: Majumba ya Nakasero, Kampala, katika Matumizi Mapya

Makala haya yanachunguza jinsi majumba ya enzi ya ukoloni kilimani Nakasero yalivyogeuzwa kuwa mikahawa na hoteli, na yanahoji ni nini hasa kinachohifadhiwa katika mageuzi hayo.

Lugard alijenga ngome yake Kampala ya Kale mwaka 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kiingereza ulihamia Nakasero, na kilima hicho, pamoja na Kololo baadaye, kikawa mahali pa nyumba za nafasi: baraza pana, paa la vigae, bustani, na vyumba vya watumishi uani.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akiwapa siku 90. Mali zao nyingi ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuzirejesha. Nyumba iliyobadili mikono kwa namna hiyo hupoteza wasimulizi wake. Biashara ilipofufuka, baraza na bustani ziliwafaa wenye mikahawa.

Hoteli ya Emin Pasha, iliyotengenezwa ndani ya jumba la zamani, ni mfano dhahiri. Emin, gavana wa Ekwatoria, aliuawa Kongo mwaka 1892, kabla ya kilima hicho kuwa na majumba ya aina hiyo. Barabara inayopita hapo ina jina la John Akii-Bua, aliyeshinda dhahabu Munich Septemba 1972, ndani ya zile siku 90. Lango linakumbuka karne ya 19 na barabara inakumbuka ushindi; walioishi, waliopika na waliofagia humo hawatajwi.

Hata hivyo, mkahawa haustahili kulaumiwa. Mapato yake ndiyo yanayokarabati paa. Bila hayo kiwanja huvutia wajenzi wa maghorofa. Zanzibar iliunda mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, ikiutazama mji kwa ujumla wake. Uganda nayo ilibadili sheria yake ya mwaka 1967 kwa Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya mwaka 2023.

Inapendekezwa kwamba kibali cha kubadili matumizi ya jumba la kale kiambatane na sharti la kuandika historia ya wakazi wake, watumishi wakiwemo, na kuiweka wazi kwa wageni. Kuta zikihifadhiwa bila watu wake, kinachobaki ni pambo la mezani.