UZI: Mtoto njiti, mashine ya kupumulia, na swali tunalosahau kuuliza

1/ Kila siasa ikipamba moto, hoja ya hospitali inarudi. Huyu anasema kaunti imelala, yule anasema ni Nairobi inachelewesha pesa. Sitaji mtu wala chama. Leo tuongee kuhusu mapafu ya mtoto njiti, halafu turudi Ziwa.

2/ Agosti 1963, mtoto wa rais wa Marekani alizaliwa wiki kama tano na nusu kabla ya wakati. Siku mbili baadaye akafariki kwa kushindwa kupumua. Pesa zilikuwepo, tiba haikuwepo. Chanzo kilishajulikana: mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kuwa mapafu ya njiti hukosa utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa kusinyaa.

3/ Mashine za kupumulia zikaja, watoto wengi wakaokolewa. Lakini 1967, William Northway na wenzake huko California wakaripoti kitu kipya: waliookolewa kwa oksijeni nyingi na presha ya mashine walibaki na mapafu yenye makovu. Ndiyo hivyo, tiba yenyewe ilizaa ugonjwa. Kabla ya hapo, oksijeni isiyopimwa ilikuwa imepofusha maelfu ya njiti.

4/ Afueni ilitoka kwa vitu vidogo. 1971, George Gregory wa San Francisco: sukuma hewa mfululizo ili vifuko visifunge, mtoto apumue mwenyewe. 1972, Liggins na Howie wa New Zealand: mdunge mama sindano ya steroidi kabla hajajifungua. Siku hizi hewa hiyo hupitishwa puani, na presha hudhibitiwa kwa bomba lililozamishwa kwenye chupa ya maji.

5/ Sasa kwetu. Katiba ya 2010 iliacha hospitali za rufaa za kitaifa kwa serikali kuu, zingine zikaenda kwa kaunti. Kwa hivyo Ziwa iko chini ya kaunti, na hospitali ya rufaa ya Moi pale Eldoret, yenye jengo la mama na mtoto la Riley tangu 2009, iko chini ya serikali kuu. Uchungu ukimshika mama Ziwa akiwa na miezi saba, pumzi ya mtoto wake inapita mikononi mwa serikali mbili. Ndio maana kila upande una wa kulaumu.

6/ Na kutoka wodini si mwisho. Njiti mwenye mapafu yenye makovu anaweza kuhitaji oksijeni nyumbani kwa wiki au miezi. Homa ndogo inamrudisha hospitali. Moshi wa kuni ni adui. Mashine ya oksijeni inataka stima, na stima ikipotea usiku, mzazi ndiye daktari.

7/ Kwa hivyo ukiambiwa "tumenunua mashine", usipige makofi bado. Uliza: Muuguzi mmoja anaangalia watoto wangapi usiku? Nani anapima oksijeni? Ambulensi ya kwenda Eldoret ina hewa ndani? Mama alidungwa ile sindano kabla ya safari? Mtoto akirudi nyumbani, nani anamfuatilia na nani analipa stima?

Asiye na majibu, awe wa kaunti au wa Nairobi, bado hajaongea kuhusu mtoto.