Masai Ujiri bila ile pete ya 2019

Kuna swali moja ambalo hapa Isebania likiulizwa, mjadala wa basketboli umeisha: "Ana pete ngapi?" Unaweza kuwa umeongea nusu saa, umetaja takwimu, umetaja historia, halafu msee mmoja aliyekaa juu ya bodaboda yake anakuuliza hilo swali tu na watu wote wanacheka. Umemalizwa.

Mimi mwenyewe nimelitumia sana. Wanaonifuata hapa wanajua. Leo nataka kulitupa, na nikifika mwisho nitawaambia sababu, kwa sababu kuna mtu nilimkosea kwa swali hilo hilo.

Tuanze na kazi yenyewe. Meneja mkuu wa timu ya NBA si kocha. Kocha ndiye anaamua nani aingie na nani akae benchi. Meneja ndiye anaamua nani awe kwenye timu kabisa: anasajili, anabadilishana wachezaji, anateua vijana wapya kwenye drafti, anaajiri kocha na kumfuta. Mechi ikianza, yeye anakaa na kutazama kama wewe na mimi. Hawezi kufunga hata pointi moja.

Halafu piga hesabu ndogo. NBA ina timu 30 na kombe ni moja kwa mwaka. Hata kama mameneja wote 30 wangekuwa na akili sawa na pesa sawa, kila mmoja angengoja miaka 30 kwa wastani kupata kombe moja. Sasa ukisema asiye na kombe hajui kazi, umesema karibu kila aliyewahi kufanya hiyo kazi ni bure.

Mfano wangu ni Masai Ujiri, na nimemchagua makusudi kwa sababu yeye pete anayo. Alizaliwa Bournemouth, Uingereza, mwaka 1970, akalelewa Zaria, Nigeria. Baba ni Mnigeria, mama ni daktari Mkenya, kwa hivyo sisi huku tunamwita wetu bila aibu. Aliingia NBA kama skauti wa Orlando asiyelipwa mshahara. Mwaka 2010 akawa meneja mkuu wa Denver.

Denver alikuta moto. Nyota wao, Carmelo Anthony, alikuwa anataka kuondoka, na kila mtu alijua. Ukiwa unauza ng'ombe na soko zima linajua lazima uuze leo, si utapewa bei ya mbuzi? Masai alingoja. Februari 2011 akampeleka New York na akapata wachezaji kadhaa wa maana, akina Danilo Gallinari na Wilson Chandler, pamoja na haki za drafti. Msimu wa 2012-13 Denver, bila nyota yeyote mkubwa, ikashinda mechi 57. Masai akapewa tuzo ya meneja bora wa mwaka, mtu wa kwanza kutoka nje ya Marekani kuipata. Kwenye mechi za muondoano wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State. Pete: sifuri.

Akaenda Toronto 2013. Huko nako ona mfululizo wenyewe. 2014, wametolewa na Brooklyn kwenye mechi ya saba. 2015, Washington imewafagia mechi nne kwa bila. 2016, wamefika fainali ya ukanda wa mashariki, wametolewa na Cleveland ya LeBron. 2017, Cleveland tena. 2018 wameshinda mechi 59 kwenye msimu wa kawaida, halafu Cleveland ikawafagia tena, nne kwa bila. Watu walikuwa wanacheka. Miaka minane ya umeneja, miji miwili, pete hakuna.

Lakini angalia alichokuwa anafanya chini kwa chini. Pascal Siakam alichaguliwa nambari 27 mwaka 2016. Mwaka huo huo Fred VanVleet hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, Toronto wakamchukua. OG Anunoby, nambari 23 mwaka 2017. Hawa ni vijana ambao timu nyingi ziliwaona na kuwapita.

Sasa sikiza hii, ni ya hapa kwetu Nyanza. Julai 16, 2018 Masai alikuwa Kogelo, Siaya, pamoja na Barack Obama wakifungua kituo cha Sauti Kuu cha Auma Obama. Uwanja wa basketboli pale ulijengwa na shirika la Masai, Giants of Africa. Siku mbili baadaye, Julai 18, ikatangazwa kwamba Toronto imempeleka DeMar DeRozan, kipenzi cha mji mzima, San Antonio, na kumchukua Kawhi Leonard pamoja na Danny Green. Kawhi alikuwa amecheza mechi 9 tu msimu uliotangulia kwa sababu ya jeraha la paja, na angeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja. Watu walimtukana Masai. DeRozan aliumia na akasema wazi.

Halafu ikafika Mei 12, 2019. Mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, 90 kwa 90, sekunde zinaisha. Kawhi anakimbilia kona, anarusha juu ya mikono ya Joel Embiid. Mpira unagonga chuma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Unaingia. 92 kwa 90. Toronto ikaendelea, ikamtoa Milwaukee, ikaishinda Golden State kwenye fainali mechi nne kwa mbili. Golden State hiyo, Kevin Durant aliumia mechi ya tano na Klay Thompson akaumia mechi ya sita.

Swali langu ni hili: ule mpira ungegonga mara ya nne ukatoka nje, Masai angekuwa meneja mbaya?

Si yeye aliyeurusha. Si yeye aliyevunja mguu wa mtu. Kazi yake iliisha kabla ya hiyo usiku: alikuwa ameshaweka Kawhi, Siakam, VanVleet, Kyle Lowry na Marc Gasol kwenye timu moja. Kama mpira ungetoka, watu wangesema aliuza moyo wa timu kwa mgonjwa wa mwaka mmoja. Uamuzi ni ule ule wa Julai 18, akili ni ile ile. Kilichobadilika ni chuma.

Na usifikiri nataka kumpaka mafuta. Pete ile ile pia ilificha makosa yake. Kawhi aliondoka mwezi mmoja baada ya ubingwa, hiyo ilijulikana inaweza kutokea. Lakini 2023 VanVleet akaenda Houston na Toronto haikupata kitu. Mwaka huo huo walikuwa wametoa haki ya drafti ya raundi ya kwanza ili wampate Jakob Poeltl, ilhali timu ilikuwa haielekei popote. Misimu mitatu mfululizo hawakufika muondoano, na Juni 2025 Masai akaachishwa kazi. Kwa hivyo ukimpima kwa pete tu, utakosea mara mbili: kabla ya 2019 utamdharau bure, na baada ya 2019 utamsamehe bure.

Si yeye peke yake. Daryl Morey aliiongoza Houston miaka 13. Mwaka 2018 walishinda mechi 65, wakafika mechi ya saba dhidi ya Golden State, halafu wakakosa mitupo 27 mfululizo ya pointi tatu. Ishirini na saba! Sam Presti wa Oklahoma City alianza kazi 2007. Aliwateua Durant, Westbrook na Harden miaka mitatu mfululizo, akapoteza fainali ya 2012, akawapoteza wote watatu, akajenga upya. Mpaka Juni 21, 2025 jibu la "ana pete ngapi" lilikuwa sifuri. Juni 22 likawa moja. Akili ilimwingia usiku huo?

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, nenda Sudan Kusini. Luol Deng, aliyecheza Chicago miaka mingi, alichukua urais wa shirikisho la basketboli la nchi yake 2019. Yeye ndiye rais, ndiye meneja, na mwanzoni pesa nyingi zilitoka mfukoni mwake. Januari 2020 walikuja Nairobi kwenye mechi za mchujo za AfroBasket, Deng mwenyewe akisimama kama kocha, na tiketi ikachukuliwa na Kenya. Tulifurahi. Mwaka 2021 pale Kigali tukakutana nao tena. Wakatutoa, 60 kwa 58. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, wakazipiga China, Ufilipino na Angola, wakapata nafasi ya Olimpiki. Julai 2024 London wakapoteza dhidi ya Marekani ya LeBron kwa pointi moja, 101 kwa 100, kisha kwenye Olimpiki wakaishinda Puerto Rico. Nchi iliyopata uhuru 2011, wakati huo bila hata uwanja mmoja wa basketboli wa ndani.

Makombe ya Afrika ambayo Sudan Kusini imeshinda: hakuna. Haya, sasa niambie Deng ameshindwa kazi. Sisi tuliowashinda 2020 tulikuwa wapi wakati wa Paris? Tulikuwa sebuleni, tukiwashangilia.

Nyumbani hapa Migori tulijifunza somo hilo kwa njia mbaya. Sony Sugar ya Awendo ilicheza ligi kuu ya soka miaka mingi. Ilichukua ubingwa mara moja tu, mwaka 2006, na miaka mingine tulikuwa tunaicheka: timu ya miwa, timu ya katikati ya jedwali. Msimu wa 2019-20 pesa zikaisha, wakakosa kufika kwenye mechi tatu, wakatolewa ligini. Hapo ndipo wengi tulielewa kwamba kuwafanya Gor Mahia na AFC Leopards waje Awendo kila mwaka ilikuwa kazi ya mtu. Kuna watu walikuwa wanatafuta mafuta ya basi, mishahara, na hoteli. Hatukuwajua majina kwa sababu miaka mingi hakukuwa na kombe la kupiga nalo picha.

Ndio nafika kwa kosa langu.

Timu yetu ya basketboli hapa mtaani ilikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa kama meneja. Miaka mitano. Yeye ndiye alikuwa anaomba ruhusa ya uwanja wa simenti wa shule, anachangisha nauli ya matatu tukienda kucheza Migori mjini au Homa Bay, anavuka Sirari kutafutia timu mechi za kirafiki upande wa Tanzania. Vijana wawili aliwaandikia barua mpaka wakapata nafasi ya chuo kupitia mchezo. Kombe la kaunti hatukupata. Mwaka jana baada ya kupoteza nusu fainali nilitengeneza video ya dakika moja na nusu. Niliweka picha yake, nikaweka muziki wa mazishi, nikauliza: "Mwalimu, miaka mitano, makombe mangapi?"

Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo. Wiki tatu baadaye mzee akarudisha ufunguo wa stoo ya mipira. Hakuongea na mtu.

Tangu hapo tumecheza mechi mbili za nje. Nauli hakuna anayechangisha. Mpira ni mmoja na umepasuka ngozi. Mimi nilikuwa na maoni, sikuwa na nauli.

Mwezi uliopita nilienda kwake. Nilidhani atanifukuza. Alinikaribisha chai, akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mura, ile nusu fainali tulipoteza kwa pointi mbili. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunapoteza kwa arobaini. Wewe ulikuwa unahesabu nini?"

Sikuwa na jibu pale, ila sasa ninalo. Nitahesabu vitu vitatu. Kwanza, alikuta nini na ameacha nini. Pili, siku aliyoamua, alijua nini, maana baada ya mechi kila mtu ni mwerevu. Tatu, amegonga mlango mara ngapi. Kufungua mlango kuna bahati yake, lakini kufika pale kila mwaka si bahati. Kombe nitalihesabu pia, sijasema halina maana. Masai bila kombe na Masai mwenye kombe si sawa, na Toronto hawatasahau ile siku. Ila litakuja la mwisho kwenye orodha.

Ile video nimeifuta asubuhi ya leo. Jumamosi hii saa tisa kuna kikao cha timu pale uwanjani, kuchagua meneja. Nitapendekeza jina la mwalimu, kama atakubali, na mchango wa kwanza wa nauli nimeutoa mimi. Mliocheka kwenye komenti mwaka jana, nawajua, mko wengi. Mje pia.