Liwali wa Mombasa na Bendera ya Sultani

Tangu 1895 hadi 1958 Ngome ya Yesu, Mombasa, ilikuwa gereza la serikali ya Waingereza. Wafungwa na askari wa zamu walikuwa wa Waingereza hao, na funguo walizishika wao. Lakini bendera iliyopepea juu ya kuta zile ilikuwa nyekundu tupu, bendera ya Sultani wa Zanzibar.

Haikuwekwa pale kama pambo. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini alitia saini mkataba na Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza. Waingereza wangetawala ukanda wa Mwambao wa maili 10, nao wangemlipa Sultani pauni 17,000 kila mwaka. Nchi yenyewe ilibaki mali ya Sultani. Ndiyo maana bara ilipotangazwa koloni mwaka 1920, Mwambao ulibaki nchi lindwa.

Mtu wa Sultani huku pwani alikuwa liwali, na cheo hicho kilikuwa cha zamani kuliko Mwingereza yeyote aliyekuwa Mombasa. Kiliwahi kuwa cha hatari pia. Watu wa ukoo wa Mazrui walianza kuishika Mombasa kama maliwali wa Oman, kisha katika miaka ya 1740 wakakataa kumtii mtawala mpya wa huko wakajitawala wenyewe. Iliwachukua Mabusaidi, ukoo wa mtawala huyo, hadi 1837 kuwang'oa.

Baada ya mkataba wa 1895, cheo hicho kiling'olewa meno. Liwali aliteuliwa na kulipwa mshahara na Waingereza. Aliachiwa baraza la kesi ndogo za Waislamu, akaachiwa na heshima. Siku ya Idi watu walikwenda kumpa mkono wa sikukuu, na penye shughuli kubwa za serikali kiti chake kilikuwa mbele. Picha za zama zile zinamwonyesha akiwa na joho la kutariziwa na kilemba, pembeni mwa maofisa waliovaa sare nyeupe. Macho yanamwendea yeye kwanza, ingawa amri ilikuwa ya wale wa pembeni.

Wapo wanaowadharau maliwali hao kuwa ni vibaraka waliopambwa. Mimi sikubali. Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani katika miaka ya 1940 na 1950, alikusanya hati na tenzi za Kiswahili wakati ambapo nyingi zilikuwa zikiliwa na mchwa masandukuni. Mwaka 1950 kilitoka kitabu chake kuhusu Al-Akida, kamanda aliyeasi akajifungia ndani ya Ngome ya Yesu hadi manowari za Waingereza zilipoipiga mizinga Januari 1875. Mwakilishi wa Sultani aliyesalia na joho tu ndiye aliyeandika habari za yule aliyemwasi Sultani kwa bunduki, na aliziandika kwa makini.

Uzito wa bendera ile ulionekana uhuru ulipokaribia. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza hatima ya ukanda, huku baadhi ya watu wa Mwambao wakitaka ukanda huo ujitenge na Kenya. Kama Sultani asingekuwa na haki ya kudai, hakuna ambaye angehangaika kuzungumza naye. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua, na tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London. Sultani aliuachia ukanda. Kenya nayo iliahidi kulinda mahakama za kadhi, hati za ardhi za watu wa pwani na masomo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu.

Bendera ikashushwa. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya uhuru wa Kenya, mapinduzi yalimng'oa Sultani Jamshid Zanzibar. Cheo cha liwali nacho hakikudumu. Kadhi yupo hadi leo, katika ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010, na mjane wa Kisauni anayedai mirathi bado anapeleka shauri lake kwake.