Madhehebu Hupimwa kwa Matendo

Msafiri atokaye Diani kwenda kusini hupita Galu. Nyuma yake ameuacha msikiti wa kale wa Kongo. Mbele yake uko msitu wa Kaya Kinondo, ambamo wazee wa Kidigo huomba kwa desturi ya mababu. Wadigo wengi ni Waislamu, wala kaya haikukatwa. Hapo imani zimejifunza ujirani.

Lakini je, kila dhehebu huifaa jamii? Katika pwani hiyo hiyo, huko Lamu, Habib Saleh wa tarika ya Alawiya, aliyefariki mwaka 1935, aliwasomesha watumwa na wana wao, ijapokuwa waungwana walichukizwa. Msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo, wanyonge wakapata elimu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wafuasi wa mhubiri mmoja waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Hata watoto wadogo walinyimwa chakula.

Wote wawili walimtaja Mungu. Mmoja aliwafungulia watu mlango wa elimu. Mwingine aliwatenga na jirani, shule na tabibu. Basi, ewe kijana, uitwapo kujiunga na kundi lolote, tazama kwanza kama huko mtu huruhusiwa kuuliza, na kurudi kwao.