Niger: nchi inayotegemea miezi minne ya mvua

Niger iko Afrika Magharibi na haina pwani. Inapakana na nchi saba: Algeria, Libya, Chad, Nigeria, Benin, Burkina Faso na Mali. Ilipata uhuru kutoka Ufaransa tarehe 3 Agosti 1960, na mji wake mkuu ni Niamey. Hadi mwaka 2023, mizigo mingi kutoka ng'ambo ilishushwa bandari ya Cotonou, Benin, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Niamey. Mpaka ukifungwa, kama ilivyotokea mwaka 2023, bei za vyakula hupanda.

Nchi ina kilomita za mraba zipatazo 1,267,000, lakini sehemu kubwa ni jangwa la Sahara. Mto Niger hupita pembe ya kusini-magharibi tu.

Mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Kusini kabisa hufika milimita 800 kwa mwaka. Jangwani haifiki 150. Kabla ya mvua, Aprili na Mei, joto huzidi nyuzi 40.

Wahausa ni zaidi ya nusu ya wananchi. Wazarma na Wasonghai wako magharibi, Watuareg kaskazini, na Wakanuri upande wa Ziwa Chad. Wafulani huhama na mifugo yao kutafuta malisho. Karibu wote ni Waislamu, na wengi wanaishi vijijini wakilima uwele, mtama na kunde.

Ukame mkali ulipiga mwanzoni mwa miaka ya 1970 na tena mwaka 1984. Mashamba yalikuwa matupu, kwani wakulima walizoea kung'oa kila kichaka, na miti kisheria ilikuwa mali ya serikali. Upepo ulifukia mbegu kwa mchanga.

Kuanzia miaka ya 1980, wakulima wa Maradi na Zinder walibadili desturi hiyo. Badala ya kupanda miche, waliacha machipukizi ya visiki vya zamani yakue, wakayapunguza na kuyatunza. Mti unaopendwa zaidi ni gao, wa jamii ya mgunga. Hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauzuii jua kufikia uwele, na maganda yake ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi.

Leo eneo lililorudishiwa miti kwa njia hiyo linakadiriwa kufika hekta milioni 5. Mvua bado haitabiriki, lakini shamba lenye miti huhimili upepo, na mwenye shamba hupata kuni hata mwaka ambao mavuno ni haba.