Kujaribiwa vya kutosha

jaribiwa vya kutosha *kt* (kuhusu programu ya kompyuta) fikia kiwango ambacho hatari iliyosalia inavumilika kwa kazi iliyokusudiwa: *Programu ya mishahara imejaribiwa vya kutosha kwa matumizi ya ofisi moja.*

Muundo

Kitenzi *tosha* hudai kipimo. Kanzu humtosha mtu fulani. Wali huwatosha wageni kumi. Vivyo hivyo, kauli *imejaribiwa vya kutosha* haijakamilika mpaka itajwe au ieleweke kazi ambayo programu itafanya.

*Majaribio ya kutosha* huelekea kwenye idadi, ilhali *kujaribiwa vya kutosha* huelekea kwenye namna, kwa *vi-* ile ile ya *vyema* na *vibaya*. Programu yaweza kupita majaribio elfu ya aina moja na bado isiwe imejaribiwa vya kutosha.

Mfano wa kihistoria

Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Baada ya sekunde 40 hivi ilipinda njia, ikavunjika na kulipuka. Sehemu ya programu ya kifaa chake cha uelekezaji ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo. Tarakimu ya kasi hiyo ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, ambayo kikomo chake ni 32,767. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu iyo hiyo, nacho kikashindwa vilevile. Programu ilikuwa imeitosha Ariane 4. Kwa njia ya Ariane 5 haikuwa imejaribiwa.

Tofauti na maneno ya karibu

*Thibitishwa* humaanisha kuonyeshwa kuwa kweli pasipo shaka. Majaribio hayafiki huko: Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alisisitiza kwamba yanaweza kufichua makosa, lakini hayawezi kuonyesha kuwa hakuna kosa.

*Jaribiwa kikamilifu* pia huahidi kupita uwezo. Hata programu ya kujumlisha namba mbili za biti 32 ina jozi za kujaribu zaidi ya milioni milioni milioni 18.

Tahadhari kwa wafasiri

Msomaji wa ripoti ya majaribio huitumia kuamua kama programu ianze kazi. Neno lililozidi ukweli humwondolea hadhari.

* Epuka: *Programu imejaribiwa, haina kosa.*
* Afadhali: *Programu imejaribiwa kwa watumiaji 200 kwa pamoja, makosa yote yaliyoonekana yamerekebishwa.*

Sentensi ya pili hutaja kipimo, na humwachia msomaji nafasi ya kuuliza itakuwaje watumiaji wakifika 2,000.

Taz. pia: jaribio, kagua, thibitisha, tosha.