UZI: Kwa nini pesa za Mara hubaki Narok, lakini za Ziwa Nakuru huenda Nairobi?

1/ Kila msimu wa siasa hapa Nakuru swali ni lile lile: "Mbuga iko kwetu, mbona pesa za lango ziende Nairobi? Narok si wanajikusanyia za Maasai Mara?" Wengi hujibu kwa matusi. Mimi naomba nijibu kwa historia. Twende pole pole.

2/ Majuzi nilipanda Baboon Cliff. Chini kuna nyati, vifaru wanalisha, na migunga iliyokauka imesimama ndani ya maji. Ukitazama pale utadhani pamekuwa pori tupu tangu Adamu. Si kweli.

3/ Kabla reli ifike Nakuru mwaka 1900, Wamaasai walichunga ng'ombe bonde hili. Mkataba wa 1904 ukawatoa: wengine Laikipia, wengine kusini. Ule wa 1911 ukawatoa hata Laikipia. Rizavu yao ya kusini ikapanuliwa kuelekea Narok. Huku kwetu pakawa mashamba ya walowezi.

4/ Shika hapo. Ardhi ya Mara ilikuwa ndani ya rizavu, na rizavu ilikuwa na watu na baraza lao. Ndiyo maana mwaka 1961 Mara ilikabidhiwa baraza la Narok. Leo ni kaunti.

5/ Nakuru je? Ziwa lilipoanza kulindwa kwa ajili ya flamingo na ndege wengine, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenyewe wa zamani walikuwa wameondolewa zaidi ya miaka 50. Baraza lipi lingekabidhiwa? Mwaka 1968 ikawa mbuga ya taifa. Leo iko chini ya KWS.

6/ Katiba ya 2010, kifungu cha 62: mbuga za taifa ni ardhi ya umma, serikali kuu inaishikilia kwa niaba ya wananchi. Kwa hivyo anayekuahidi kwamba kaunti itachukua lango kesho asubuhi, muulize atapitia sheria gani.

7/ Lakini nyinyi wa "ni ya taifa, nyamazeni" msishangilie bado. Tangu karibu 2010 ziwa limepanda, kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Lilimeza lango kuu la zamani, likavuka ua, likaingia mitaani. Shangazi yangu alihama Mwariki na kitanda, jiko na kuku watatu. Ziwa likiwa ndani ya ua ni la taifa. Likiingia sebuleni kwa shangazi ni la nani?

8/ Maoni yangu: tunagombania mapato na kusahau hasara. Anayedai pesa za lango aseme pia atawafanyia nini waliofurikiwa. Na ukisikia mtu jukwaani akisema "mbuga yetu", muulize hiyo "yetu" inaanza mwaka gani. Ikianza 1968, kuna watu amewaruka.